Mwaka Ulio Nyuma ya Bango

Kaloleni, Arusha
18 Februari 2025

Mpendwa Simaloi,

Aliyewaambia ni mimi.

Nimeanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu, unavyonijua, na barua itakufikia bila kitu ndani. Sijamwambia mtu mwingine yeyote. Hata Padri sijamwambia kwenye kitubio, maana hununua vitambaa dukani kwetu na sauti yangu anaijua.

Unalikumbuka duka letu la mjini, lile lenye baraza na nguzo nne, tulipokuja kushonewa sketi za kidato cha tatu. Mama amekuwa akitaka kulibomoa tangu tulipolinunua. Marehemu baba alichora ghorofa kwa rula nyuma ya kalenda, orofa tatu, chini vioo vitupu, na Mama hajaitoa kalenda ile ukutani hadi leo. Paa linavuja. Kila masika tunahamisha majora ya vitambaa kama watu wanaohama nyumba.

Mwezi wa kumi na moja, tulipokuwa tumemaliza mtihani tu, ikasikika kwamba kuna watu wanapita kuorodhesha majengo ya kale. Nyumba ikiingia kwenye orodha, uso wake haubadilishwi. Baraza libaki, milango ya mbao ibaki, hata bango lina kipimo chake. Wenye maduka wakakubaliana: ukiulizwa, sema nyumba ilijengwa upya miaka ya tisini, zaidi ya hapo hujui. Juu ya mlango wetu kuna mwaka umechongwa kwenye lipu, 1937. Mama akaagiza bango kubwa la bati, likaufunika.

Siku waliyokuja Mama alikuwa msibani Rombo. Alikuja dada mmoja peke yake, na daftari na kamera. Akaniuliza nyumba ni ya mwaka gani, kisha akanyamaza, akasubiri. Simaloi, unajua walimu walivyonifanyia miaka minne. Wakiniuliza wanahesabu mpaka tatu, wanamgeukia mwingine. Huyu alisubiri. Nikajikuta nimesema, "Elfu moja mia tisa thelathini na saba. Iko nyuma ya bango."

Akasema angefurahi kuiona tu.

Fundi Ephraimu, yule wa barazani aliyetushonea sketi, alikuwa amekwenda kula. Nilifungua droo ya cherehani yake nikachukua bisibisi, ile ndogo aliyoizungushia uzi mwekundu kwenye mpini. Nikapanda ngazi, nikatoa skrubu za chini, nikalivuta bango kwa mbele kama mtu anayefungua bahasha. Yule dada akapiga picha. Akaniambia, "Wewe ni mwanahistoria." Siku nzima nilitembea na neno hilo. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba nilifurahi.

Nilipolirudisha bango, bisibisi niliisahau juu, kwenye ukingo wa lipu.

Wiki iliyopita orodha ya awali ikabandikwa. Sisi ni namba tisa. Mama akapanda ngazi mwenyewe kuangalia bango, akashuka na bisibisi mkononi. Fundi Ephraimu alikuwa anashona kola.

"Hii ya nani?"

"Yangu, Mama."

"Imefikaje kule juu?"

Fundi aliichukua, akaugusa ule uzi, akairudisha mkononi mwa Mama. "Bisibisi ni yangu," akasema. "Lingine sina."

Mama akamwambia mbele ya wateja kwamba yeye fundi alijua ghorofa likipanda baraza litakwenda, naye atakwenda nalo, ndiyo maana akatuuza. Miaka kumi na tisa alishona kwenye baraza lile, tangu kabla hatujalinunua. Mchana huohuo alifunga cherehani kwenye mkokoteni. Mimi nilikuwa nyuma ya kaunta nakunja sketi ya bluu. Niliikunja ileile mara nne.

Tafadhali chana barua hii ukimaliza kuisoma.

Rafiki yako,
Fransiska

*

Nyumba ya Malezi
2 Machi 2025

Mpendwa Fransiska,

Tumsifu Yesu Kristo.

Kabla ya yote, kuna kitu nilidhani nilikuambia na kumbe sikukuambia. Barua zetu sisi wakandidati, tunaojiandaa kuwa masista, husomwa kwanza na Sista Hedwiga, mlezi wetu. Yako nilipewa imeshafunguliwa. Nilitamani ardhi inimeze. Yeye alisema tu, "Rafiki yako anaandika vizuri," akaendelea kuchambua maharage. Na siwezi kuichana, barua zote tunaziweka kwenye faili. Nisamehe. Sista ni mzee, anasahau hata miwani iliyo kichwani kwake. Labda na hili atalisahau.

Mimi nipo salama. Nimepewa ng'ombe wote wanane niwaangalie kwa sababu ni Mwarusha. Wenzangu Wachaga wakimwona dume anatikisa kichwa wanaanza rozari. Nimewaambia dume hajui Kilatini.

Sasa kuhusu lako. Nimelisoma mara mbili nikitafuta uongo wako, sijauona. Uliulizwa, ukasema kweli. Wenye maduka ndio waliopanga uongo. Kwa nini unaandika kama mtu aliyeua?

Halafu nikafika tena pale kwenye sketi. Hapo nimekuelewa. Shuleni pia ulikuwa hivyo, unajibu moyoni. Mwalimu hawezi kusahihisha jibu la moyoni, Siska.

Fundi Ephraimu yuko wapi sasa? Hukuandika.

Ndimi wako,
Simaloi

*

Kaloleni
11 Machi 2025

Mpendwa Simaloi,

Shikamoo Sista Hedwiga.

Ilibidi nianze hivyo, maana sasa najua mko wawili. Nilipoisoma barua yako nilikaa chooni mpaka Mama akauliza kama tumbo linaniuma. Siku tatu niliapa sitaandika tena. Lakini nisipokuandikia wewe nitamwandikia nani?

Fundi Ephraimu yuko Sakina, barabara ya Nairobi, katikati ya gereji. Hajarudi kwao Kikatiti. Sijaenda kumwona.

Na sasa nimefanya jingine, baya zaidi ya lile la kwanza. Lile nilifanya bila kufikiri. Hili nililifanya kwa kalamu.

Juzi Jumapili wenye maduka walifanya kikao cha kuandaa pingamizi dhidi ya orodha. Wamepewa siku tisini. Mama alinipeleka niwe katibu kwa sababu ya mwandiko wangu. Tangu matokeo yatoke anamwambia kila mtu nimepata A ya Historia. Niliketi mwisho wa meza, na nilipowasikiliza niliwahurumia kweli, usifikiri ni watu wabaya. Mzee Aminiel wa vifaa vya ujenzi, ambaye ndiye mwenyekiti, alisema bango analoruhusiwa ni dogo kama trei ya chai. Daniel wa mgahawa anatakiwa kuliondoa dohani lake la moshi kwa sababu linaonekana kutoka barabarani, na bila dohani jiko litawaua wapishi. Mwenye saluni anataka mlango wa kioo, kwa sababu mteja asiyeona ndani haingii. Kisha Mama akasimama.

"Watalii wanashuka garini," akasema, "wanapiga picha mlango wangu, wanapanda, wanakwenda. Mlango unapigwa picha. Sare hainunuliwi. Nimeambiwa nyumba yangu ni urithi wa mji mzima. Sawa. Mvua ikinyesha, mji mzima uje tuhamishe majora."

Watu walicheka na kupiga makofi. Na mimi nilicheka, halafu nikakumbuka ni nani aliyeliingiza jina lake kwenye orodha.

Ajenda ya tatu ilikuwa "aliyetoa siri". Mama akatoa bisibisi kwenye mkoba, ikazungushwa mezani mkono kwa mkono. Ilipofika kwangu niliipitisha haraka kama bakuli la pilipili. Mzee Aminiel akasema, "Katibu, andika. Ilibainika kuwa fundi Ephraimu ndiye aliyewaonyesha maofisa mwaka wa jengo. Kikao kimeazimia asipewe nafasi kwenye baraza lolote la mtaa huu. Azimio litaanza muhtasari ukishathibitishwa kikao kijacho, tarehe sita Aprili."

Mkono wangu ukaandika. Uliandika vizuri, Simaloi. Mzee Aminiel aliuchukua ukurasa akawaonyesha wengine, akasema vijana wa siku hizi hawana mwandiko kama huu.

Kabla ya hapo ni Mama peke yake aliyekuwa amemfukuza. Sasa ni mtaa mzima, na aliyeandika ni mimi.

Usimwambie mtu. Sista, na wewe tafadhali.

Fransiska

*

Nyumba ya Malezi
19 Machi 2025, Sikukuu ya Mtakatifu Yosefu

Fransiska,

Nitaandika kifupi, leo ni sikukuu na nina zamu ya jikoni.

Barua ya kwanza nilikutetea. Ya pili siwezi. Yule aliyepanda ngazi ni rafiki yangu, namjua. Huyu aliyeandika muhtasari simjui, na simpendi. Mtakatifu Yosefu alikuwa fundi pia. Asubuhi padri alihubiri juu ya mtu mwenye haki anayenyamaza, na nilikuwa namwona Fundi Ephraimu na uzi wake mwekundu mpaka wimbo ukanipita.

Nenda Sakina. Usipokwenda usiniandikie kuhusu kitu kingine chochote.

Simaloi

Fransiska, mimi ni Sista Hedwiga. Sikusahau, kama mwenzako alivyotumaini. Nilikuwa katibu wa shirika letu kwa miaka kumi na miwili. Nakuambia mambo mawili ya kazi. Kwanza, usiandike "ilibainika" pasipo ushahidi. Pili, muhtasari ambao haujathibitishwa ni rasimu tu. Kabla ya kuthibitishwa husomwa, na baada ya kusomwa mwenyekiti lazima aulize kama kuna marekebisho. Mwandiko wako kweli ni mzuri. Sr. H.

*

Kaloleni
26 Machi 2025

Mpendwa Simaloi,

Nimekwenda.

Anashona viti vya mabasi. Cherehani yake ipo chini ya turubai kati ya fundi wa rejeta na fundi wa matairi, na vumbi la barabara linamkalia begani kama chokaa. Nilisimama kwa mbali muda mrefu. Fundi wa matairi akapiga kelele, "Mzee Ephraimu, una mteja, ila anaona haya!" Wenzake wakacheka.

Nikamwamkia. Akaitikia marahaba bila kuinua macho.

"Kaa kwenye tairi hilo," akasema. "Lakini litakuchafua."

Nikakaa. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu Kaloleni, yote yakaniishia. Nikasema tu, "Bisibisi ni mimi, mzee."

"Najua."

"Ulijua lini?"

"Siku ileile. Droo yangu huwa siifungi mpaka mwisho, inakwama. Nilirudi kutoka kula nikaikuta imefungwa mpaka mwisho, kwa adabu. Nani mwingine mjini hapa anaiba kwa adabu?" Akakata uzi kwa meno. "Nikadhani umeazima, utarudisha."

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia Mama. Nilitegemea atasema kwa sababu mimi ni mtoto, au kwa sababu ananipenda. Nilitaka aseme hivyo.

"Ningesema si mimi, angeuliza ni nani. Nikutaje wewe mbele ya wateja? Nilikuangalia pale kaunta. Nikasema moyoni, nimpe nafasi aseme mwenyewe. Ukakunja sketi."

"Nisamehe, mzee."

"Sijakusamehe," akasema. Hakusema kwa hasira, Simaloi. Alisema kama mtu anayetaja kipimo cha kiuno. "Nilinyamaza. Kunyamaza na kusamehe ni vitu viwili. Wiki ya sita hii nakusubiri. Na sasa umekuja kumwambia mtu ambaye anajua tayari. Kampelekee asiyejua."

Nikamweleza habari ya kikao na azimio, na kwamba mwandiko ni wangu. Hapo ndipo alipoacha kushona. Nadhani alikuwa akiamini kwamba Mama akipoa angemrudisha, au jirani mmoja angempa pembe ya baraza. Alilitazama tairi nililokalia.

"Mabaraza yote?"

"Yote."

"Basi nunua chai unywe uende," akasema, akageuka.

Tangu siku ile nimejaribu mara tatu. Jana Mama alikuwa anapima kitambaa, nikamwita. Akasema, "Sema, mwanangu." Nikasema kitambaa cha kijani kimeisha. Akaniambia ndiyo maana ananitegemea, naona mambo mapema.

Bado siku kumi na moja kabla ya kikao.

Fransiska

*

Kaloleni
14 Aprili 2025

Mpendwa Simaloi, na Sista Hedwiga shikamoo,

Kikao kilifanyika Jumapili ile ya tarehe sita, ukumbini palepale. Asubuhi nilikuwa nimeamua kumwambia Mama njiani. Njiani alikutana na mwenye saluni wakatembea pamoja. Kwa hiyo niliingia sijasema.

Kikao kikafunguliwa kwa sala. Mzee Aminiel akasema, "Katibu atusomee muhtasari wa kikao kilichopita." Nikasimama. Kusoma siogopi, unajua. Kilichoandikwa ninaweza kukisoma hata mbele ya rais. Nikasoma kurasa zote tatu, na azimio, mpaka kwenye majina ya waliohudhuria. Mzee Aminiel akachukua kalamu asaini, akauliza huku akiangalia saa, "Kuna marekebisho?"

Nilisikia kwamba anahesabu mpaka tatu, kama walimu.

"Yapo," nikasema.

Wote wakanigeukia. Nikaitazama karatasi, nikasema kama vile nasoma: "Ukurasa wa pili, ajenda ya tatu, mstari wa kwanza. Palipoandikwa fundi Ephraimu, pasomeke Fransiska Manase."

Mzee Aminiel akasema, "Umekosea jina, binti?"

"Ndiyo, Mwenyekiti. Nilikosea jina. Mwaka niliwaonyesha mimi. Bisibisi niliichukua yeye akiwa hayupo. Kwa hiyo na azimio linafutika, kwa sababu lilimhusu yeye."

Nje kulikuwa na mtu anatangaza mahindi. Kisha Mzee Aminiel, ambaye nadhani hakujua afanye nini, akafanya alichozoea. Akauliza, "Nani anaunga mkono marekebisho?"

Simaloi, sikuthubutu kumwangalia Mama. Niliutazama mkoba wake tu mezani. Nikaona mkono wake unaingia, unatoa bisibisi, unaiweka katikati ya meza. Akasema, "Naunga mkono." Sauti yake ilikuwa kama kitambaa kinachochanwa. Akainuka akatoka, nami nikamfuata.

Nilimwaibisha mbele ya mtaa mzima, wakati ningeweza kumwambia jikoni. Hilo ni kosa la tatu, nami nalihesabu.

Siku tano hakusema nami. Chakula alinipakulia, nyama akaniwekea, ila neno hakuna. Alhamisi niliikuta kalenda ya baba imetolewa ukutani, nikalia. Kumbe aliipeleka kwa mchoraji wa ramani. Kikaoni, baada yetu kutoka, muhtasari ulisainiwa na marekebisho yake, kisha Daniel aliwaeleza wenzake kwamba ofisi ya wale wa orodha imesema kinacholindwa ni uso wa jengo, na nyuma ya uso watu wanaweza kuomba kibali cha kujenga. Mama anauliza kama ghorofa la baba linaweza kukaa nyuma ya baraza. Mchoraji amesema atajaribu, ila vioo vya mbele visahau. Pingamizi wanaendelea nalo, kuhusu mabango na dohani. Mimi ndiye ninayeliandika.

Jumamosi asubuhi Mama alisimama kwenye kile kichaka cha sale nyuma ya nyumba, akakata jani moja. Kwetu Uchagani, Sista anajua, huwezi kumwendea uliyemkosea mikono mitupu. Unamletea jani la sale limefungwa fundo, na akilipokea hawezi tena kukataa kukusikiliza. Nikanyoosha mikono nilipokee, nikidhani ananituma. Akalishikilia upande mmoja.

"Wewe ulimkosea kwanza, mimi nikamkosea zaidi," akasema. "Jani ni moja. Tutalishika wote."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza tangu Jumapili.

Tulitembea katikati ya gereji zile tumeshika jani moja kama watoto wanaovuka barabara. Mafundi hawakucheka. Mzee Ephraimu alilitazama lile jani. Yeye ni Mmeru, na kwao jani hilo wanalijua vilevile. Akaifuta mikono kwa kitambaa, akalipokea.

Mama akasema, "Nilikosa, Baba. Baraza lipo."

"Lipo kwa sheria," akasema. "Nasikia hata ukitaka kulivunja huwezi."

Mama akacheka huku machozi yanamtoka. Mzee akasema ana viti vya basi viwili vya kumalizia, amepokea kazi ya watu, hawezi kuwaacha. Baada ya Pasaka atakuja. Kisha akanigeukia mimi, akanyoosha kiganja.

"Bisibisi yangu."

Mama alikuwa nayo mkobani. Alinipa mimi nimkabidhi. Ule uzi mwekundu ulikuwa umefumuka kwa kuzungushwa mkono kwa mkono kikaoni. Akaanza kuuzungusha upya palepale, taratibu. Sikumuuliza kama sasa amenisamehe. Alipomaliza aliniambia, "Kesho kutwa njoo nikuonyeshe kushona kola. Mwandiko peke yake haukutoshi." Sijui kama hilo ndilo jibu.

Barua zangu zote sasa waweza kumsomea yeyote. Si siri tena, zimo kwenye muhtasari uliosainiwa.

Limebaki moja tu. Jana Mama aliondoa lile bango la bati, kwa sababu halifuati kipimo. Mwaka ukaonekana wote, na ile namba saba ina mkia kidogo, kama aliyechonga alikuwa na furaha siku ile. Nilisimama barabarani nikautazama. Simaloi, baada ya mambo yote haya, baada ya Sakina na jani la sale, nilipouona nilifurahi tena, furaha ileile ya siku ya kamera. Sijutii kwamba unaonekana. Mama ananiona najuta kwa yote, na ni kweli najuta kwa yote, ila kwa hilo hapana.

Hilo sijamwambia. Nakuomba usimwambie mtu. Wewe, na Sista Hedwiga.

Rafiki yenu,
Fransiska